Siku Nilipokunja Nguo za Viazi

Naanza kwa kukubali, ili msinisumbue zaidi: ndiyo, yule mtu kwenye picha ni mimi. Yule aliyejifunga kitenge cha zambarau chenye kuku wa manjano, shuka kichwani kama bi harusi, anacheka meno yote nje, na nyuma yake shamba limekuwa jeupe. Picha hiyo imezunguka mtaa wetu wa Buyenzi wote, imefika mpaka Ruziba kwa shemeji yangu muuza samaki ambaye siku zote analalamika simu yake haina bando, na kila mtu anacheka kitenge. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za lile shamba. Basi leo nawasimulia shamba, maana kitenge ni aibu ndogo.

Mnanijua, mi ni mtu wa nguo. Baba aliuza vitenge, mi nauza vitenge, na mkono wangu ukiona kitambaa kimetandazwa mahali hauwezi kupita hivi hivi, lazima ukikunje (mke wangu anasema hata msibani nilikunja kanga za wafiwa, na ni kweli, lakini zilikuwa zimeachwa ovyo). Nimezaliwa kwenye joto la Bujumbura, nimelelewa kwenye joto, na kabla ya mkasa huu baridi niliyoijua ilikuwa ya soda.

Mke wangu Goreti ni mtoto wa milimani, Mugamba, kule juu ambako watu wanavaa sweta mchana kweupe. Tulipooana baba yake hakuja. Hakunitukana, wala hakunikataa kwa mdomo, alisema tu kwamba yeye mtu huyo hamjui, hamjui mama yake, hamjui kilima alikozaliwa, na zaidi ya hayo ni Muswahili wa Buyenzi (huko juu ukilitaja neno hilo watu wanashika kwanza mifuko yao, kisha ndiyo wanakusalimu). Miaka miwili mzee akipiga simu anamwuliza binti yake, "Na uyo mutu wako, ajambo?" Mutu wako! Si mume wako, wala mukwe wangu. Mi nilijifanya sijali, nacheka, natania, lakini Goreti akikata simu alikuwa anaanza kuchambua mchele ambao hauna hata jiwe moja, na mimi moyo unaniuma kwa sababu najua jiwe lenyewe ni mimi.

Ndipo mwezi wa saba mzee akasema, mlete tumwone.

Sikulala vizuri wiki nzima. Nilinunua shati jipya jeupe, nikalipiga pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, nikafanya mazoezi ya salamu mbele ya kioo. Asubuhi ya safari Goreti akaniambia, "Shabani, beba koti."

"Koti ya nini? Tunaenda Ulaya?"

"Kule baridi inauma, mi nakwambia."

"Goreti, mi ni mwanaume. Na hii shati nikiivalia koti itajikunja yote."

Hapo ndipo shetani alipopanda gari pamoja nasi. Laiti ningebeba lile koti nisingetetemeka, nisingetetemeka nisingetafuta kazi ya kunipasha moto, nisingetafuta kazi nisingegusa kitu cha watu, na leo mngekuwa mnacheka mtu mwingine.

Tukapanda, gari linazunguka kona juu ya kona, masikio yanaziba, na kila baada ya kona chache Goreti anavaa sweta nyingine na kuniangalia bila kusema kitu. Tulifika alasiri imekwisha. Mama mkwe akanisalimu kwa mbali, macho chini, kisha akapotelea jikoni, na hilo halikunitisha kwa sababu Goreti alikuwa amenifundisha: kwa Warundi mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuogopana, hamkai karibu, hamtaniani, na vitu vyake havishikwi ovyo. Baba mkwe alinipa mkono. Mzee mrefu, mkavu, koti zito la kahawia, macho yanayopima. Aliwahi kufanya kazi Bujumbura zamani, kwa hiyo Swahili anaijua vizuri.

"Karibu, mugeni," akasema.

Mugeni! Nikatabasamu, nikakaa kwenye kiti nilichoonyeshwa, na ndani yangu kitu kikashuka kama ndoo kisimani. Mzee akatoka kwenda kuingiza ng'ombe wake, Goreti akamfuata mama yake jikoni, na mimi nikabaki sebuleni peke yangu na shati langu jeupe, baridi inaingia kwenye mikono, inapanda kwenye shingo, inashuka mgongoni, nikaona nikiendelea kukaa nitaganda, bora nitoke nikaswali magharibi.

Nikatawadha nyuma ya nyumba kwa maji yaliyonifanya nisome shahada, nikaswali haraka (Mungu anisamehe), na nilipogeuka ndipo nikaziona. Nguo. Bustani nzima kwenye mteremko, nguo tupu! Mashuka, vitenge, blanketi lililochakaa, mapazia, hata kitambaa cha meza kilichofumwa pembeni, vyote vimetandazwa juu ya majani mafupi mafupi, na kila pembe imewekewa jiwe. Nikajisemea, kumbe hawa wanaanika juu ya mimea, sawa, sisi Buyenzi tunaanika juu ya ua, kila watu na mila zao. Na yale mawe ni ya upepo. Nililielewa kila jambo, nawaambia, hakuna kilichonishinda.

Sasa, marehemu mama yangu alitulea na sheria moja kubwa: nguo hailali nje. Magharibi ikiingia nguo iwe ndani, ikilala nje inavaliwa na wasioonekana, kesho ukiivaa wewe unaumwa. Na hapa jua lilikuwa limezama na nguo za nyumba nzima ziko nje! Nikawaza, masikini, wamezisahau kwa ajili yangu, wamehangaika na mgeni mpaka wakasahau kuanua. Nikawaza pia, na hili ndilo lililoniponza, kwamba hapa Mungu amenipa nafasi. Mzee anadhani Muswahili ni mtu wa maneno tu na mikono mifukoni. Basi ataona mikono.

Kuuliza si ujinga, najua. Lakini ningemwuliza nani? Mzee yuko kwa ng'ombe, Goreti yuko jikoni na mama yake, nami niende pale mlangoni nimwite mama mkwe nimwulize habari za nguo, na katikati yake kuna vitenge vyake? Haiwezekani. Nikaanza kuanua. Nilitoa mawe nikayapanga vizuri pembeni, nikakung'uta kila nguo, nikakunja, mashuka na mashuka, vitenge na vitenge, kwa rangi, pembe kwa pembe kama dukani, na kazi ikanipasha moto, nikawa hata napiga mluzi. Nikazibeba zote mpaka chumba nilichopewa, nikazipanga kitandani, upande wa ukutani. Na sikumwambia mtu. Mkwe mwema hajitangazi, nikasema, watazikuta asubuhi wenyewe, watashangaa.

Walishangaa.

Usiku tulikula maharage na viazi vitamu karibu na jiko la makaa. Mzee alifungua mlango akachungulia nje, akarudi akakaa.

"Mbingu iko wazi," akasema. "Akuna wingu, na upepo imekufa. Leo itaunguza."

Baridi inaunguza vipi? Nilitaka kucheka, lakini alivyosema hakuwa anacheka. Akaongeza, "Lakini wamama wamefunika. Tuwashukuru."

"Alhamdulillahi," nikasema mimi, kwa moyo wangu wote (nilisema, ndiyo, na Mungu alikuwa anasikia).

Nyinyi mmeshaelewa. Mimi nilikaa pale na kitu kidogo kinanitekenya kifuani, nikijiuliza wamefunika nini, kuku, maziwa, mtungi? Nilimwangalia Goreti nikitaka anisaidie kwa macho, lakini alikuwa anacheka na mama yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na mimi nani nikatize kicheko kile. Na mtu aliyeitwa mgeni hamwulizi mzee maswali ya kitoto. Nilipokwenda kulala, kile kitu bado kilikuwa kinanitekenya.

Goreti alilala na mama yake kule jikoni, wana mengi ya kuambiana. Mimi nilikuwa na blanketi moja, na baridi ile, jamani, haikuwa na adabu. Nikachukua shuka moja kwenye rundo langu, kisha kitenge, kisha pazia, nikijiambia kuazima si kuiba, kesho nazikunja tena, mpaka nikawa nimelala chini ya nguo za kilima kizima.

Alfajiri nikatoka kutawadha, kitenge cha zambarau kimenizunguka mwili, shuka kichwani, na nikasimama. Nchi ilikuwa nyeupe. Majani meupe, udongo mweupe, ukingo wa ndoo mweupe, nikadhani mtu amemwaga chokaa. Nikagusa, ikaniuma kidole, ikageuka maji. Barafu! Barafu ya bure, chini, Burundi! Nilifurahi kama mtoto, nikatoa simu, nikaenda kusimama katikati ya bustani ili ionekane vizuri, nikajipiga picha, nikawatumia nyinyi kwenye kundi letu la soko na maneno yale mnayoyakumbuka, "Mko na joto, sisi tuko Ulaya." Simu haijarudi mfukoni nikasikia sauti za wanawake wanateremka njia.

Walikuwa wengi, wanakuja kwa haraka, wanaongea. Wa mbele alikuwa mama mmoja mnene wanayemwita Mama Fransi, na yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Akaweka mikono kichwani. Kisha akapiga yowe, na lile yowe, nawaambia ukweli, nilidhani mtu amekufa.

"Nani amefunua? Nani amefunua viazi?" (Walikuwa wanasema Kirundi, mi nawapa kwa Swahili yetu.) "Mwizi! Mwizi amebeba nguo zetu!"

Goreti akatoka mbio, akaangalia bustani, akaniangalia mimi, akaangalia kitenge.

"Shabani, umefanya nini?"

"Nimeanua."

"Umeanua nini?"

"Nguo. Zilikuwa zimesahauliwa inje."

Akafumba macho. Akaniambia polepole, kama mtu anavyomwambia mgonjwa, kwamba zile ni mbegu mpya ya viazi, wamama wa kilima walipewa kidogo tu, wakaipanda yote kwa mama yake, karibu na nyumba, wailinde wote pamoja izae, msimu ujao kila nyumba ipate ya kupanda. Kwamba mwezi huu, anga likiwa wazi, baridi inashuka usiku na kuunguza majani. Kwamba kila mama alileta nguo yake moja kutoka nyumbani, na kila jioni wanakuja kufunika na kila asubuhi wanakuja kufunua, na mama yake ndiye aliyekabidhiwa.

"Mama atasema nini kwa wenzake?" akaniuliza, na machozi yakamtoka.

Wakati huo Mama Fransi alikuwa ameanza kunisoma kuanzia kichwani. "Ile shuka ni yangu!" Mwingine akachungulia dirisha la chumba changu. "Na zingine ziko humu ndani! Zimekunjwa zote, zimepangwa!" Na wa tatu, mwembamba, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akasema neno ambalo lilinichoma kuliko barafu: "Si anauza nguo, uyu? Si ni Muswahili wa Buyenzi? Alikuwa anazipangia safari."

Mimi, ambaye naweza kumwuzia kitenge mtu aliyekuja kuuliza njia, sikuwa na neno hata moja! Mama mkwe akatoka jikoni, akaniona na kitenge chake cha kuku kimenizunguka mwili, mkwe, ndani ya nguo ya mama mkwe, mbele ya watu, akajifunika uso kwa mikono miwili akarudi ndani mbio. Ningekuwa na shimo ningeingia. Nikamwona baba mkwe anakuja kutoka upande wa zizi, taratibu, anaangalia viazi, anaangalia mawe yangu niliyoyapanga vizuri pembeni, na nikajua imekwisha. Miaka miwili ya kungojea na nimeimaliza kwa usiku mmoja. Goreti atarudi kuchambua mchele, na safari hii atakuwa na haki.

Mzee akasikiliza wamama wote, mmoja mmoja. Akaniuliza, "Ulianua kwa nini?"

"Baba, kwetu nguo hailali inje," nikasema. "Mama yangu alitufundisha. Nilitaka kuwasaidia."

Akawageukia wamama.

"Uyu si mwizi," akasema. "Uyu ni mukwe wangu. Mukwe wangu ni mujinga, lakini si mwizi. Mwenye ako na neno, aniletee mimi."

Mimi nikasimama pale na kitenge changu, machozi yananilenga, kwa sababu nimelisubiri neno lile miaka miwili na limekuja likishikana mkono na ujinga, na nilikuwa tayari kulipokea hivyo hivyo.

Mzee akasema basi, maneno baadaye, maji sasa, kabla jua halijatoka, kwa maana jua likiyakuta majani na barafu yake ndiyo yanakufa kabisa. Wakakimbilia ndoo, wakawa wanamwagia mistari maji ya kisimani polepole kuosha ule weupe. Nami nikataka kuwa wa kwanza katika kazi, nikatupa kitenge, nikaangalia, nikaona wanamwaga maji baridi juu ya kitu kilichoganda kwa baridi, nikasema moyoni hawa wamechanganyikiwa kwa hasira, kilichoganda kinayeyushwa na moto, hilo hata mtoto anajua. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa, maji yametengwa kwa ajili ya kuoga mimi, mukwe, yanatoa mvuke. Mama mkwe alikuwa ameinamisha uso asinione, mimi nimeangalia pembeni nisimwone, nikaibeba sufuria nikatoka nayo mbio, nikamwaga mstari wa kwanza, nikamwaga wa pili, mvuke unapanda, najisikia vizuri.

"Apana! Apana, apana, apana!" Ilikuwa sauti ya mzee, anakimbia, koti linapepea. Aliponifikia akaangalia mistari miwili, akaangalia sufuria tupu, akawageukia wamama na kunyoosha mkono kuelekea kwangu, kama mtu anayeonyesha ushahidi.

"Si niliwaambia?" akasema.

Mama Fransi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akakaa chini, kwenye barafu. Wengine wakafuata, wakicheka na kufuta machozi, na nadhani machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Adhuhuri majani yalikuwa meusi, yamelegea, bustani nzima. Hakuna aliyecheka tena. Mzee alisema tungojee, kiazi chenyewe kiko chini, pengine kitachipua, pengine hakitachipua. Tukarudi Bujumbura jioni ile na Goreti hakunisemesha mpaka tulipoliona ziwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nauza, nakata, nakunja, na kichwa kiko Mugamba. Nilipita kwa wafanyabiashara wote wa nguo ninaowajua kuomba vipande, mapazia ya zamani, mablanketi, nikajaza magunia nikayatuma juu yakafunikie viazi, na mzee akajibu kwa simu neno moja tu, "Zimefika." Habari za viazi hakusema, nami sikuthubutu.

Hatimaye akapiga. Viazi vimechipua! Vimechelewa, vimekuwa vidogo, lakini mbegu ipo, na kila mama atapata japo kidogo. Isipokuwa mistari miwili. Ile niliyoiogesha haikutoa hata jani, na wamama wameiacha tupu makusudi, wanawaonyesha wapita njia. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya moto ndiyo kabisa.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: sitaanua nguo ya mtu bila kuuliza, hata nikiikuta inaelea ziwani, na nikiambiwa beba koti nitabeba mawili.

Mwezi wa saba umefika tena. Nimekaa hapa kibandani jasho linanitiririka, wateja wananipepea wao, na jua likianza kuzama naanza kuangalia anga, anga letu hili la joto lisilojua barafu, nikiliona halina wingu moyo unaruka. Basi napiga simu. Kila jioni napiga, Goreti anasema nitamchosha mzee. Jana nilimwuliza tena, "Baba, mumefunika?"

"Tumefunika, mukwe," akasema. "We lala."